Bia ya Waingereza na nyimbo zake: yanayosemwa na yaliyokuwa

Dhana: Mpikaji bia Hodgson wa London alibuni bia ya IPA (India Pale Ale, bia ya rangi hafifu) ili isiharibike safarini kwenda India.

Hadithi tamu, ila haina mashiko. Pota, bia nyeusi, nayo ilipakiwa melini, ikazunguka Rasi ya Tumaini Jema kwa miezi na kufika salama. Alichokuwa nacho Hodgson ni ujirani: kiwanda chake kilikuwa Bow, mashariki mwa London, karibu na gati la meli za Kampuni ya India Mashariki, na manahodha aliwapa mzigo kwa mkopo wa hadi miezi 18. Mali kauli, basi.

Mwaka 1822 mpikaji bia mwingine, Allsopp wa mji wa Burton upon Trent, akaingia kwenye biashara hiyo, na hapo maji ndiyo yaliyoamua. Visima vya Burton vina jasi nyingi, hivyo bia yake hutoka angavu, kavu, na uchungu wa hopi, maua yanayotiwa kwenye bia, unasikika vizuri. Ikimiminwa tu, ukiinusa utapata kama harufu ya kiberiti kilichowashwa. Maji ya London yalikubaliana zaidi na kimea cha kahawia. Ndiyo maana pota ilistawi kule. Siku hizi wapikaji wa mbali hutia jasi kwenye maji yao wakiiga Burton.

Dhana: Waingereza hunywa bia ya moto.

Mhudumu wa baa Dar akikuuliza "ya baridi au ya moto?", ile yao ya asili iko katikati: ya pishini, nyuzi 11 hadi 13 hivi.

Dhana: Wimbo wa taifa wa Marekani una tuni ya walevi wa kilabuni.

Tuni ni ya Kiingereza kweli, ya John Stafford Smith. Lakini ilikuwa ya chama cha mabwana wapenda muziki wa London, karne ya 18. Mwimbaji mmoja aliongoza, wengine wakaitikia. Inapanda juu mno. Jaribu kuiimba ukiwa umelewa.

Dhana: Nyimbo za baa husifu pombe tu.

Nenda vijiji vya karibu na Sheffield kuanzia Novemba. Baa imejaa, bilauri mkononi, na kinachoimbwa ni Krismasi: wachungaji, malaika, hori. Katika karne ya 19 makanisa yalizitupa tuni hizo za kienyeji. Wanakijiji wakahama nazo, wakavuka barabara hadi baa.