Kabla ya barabara kufika, ulizeni ardhi itakuwa ya nani

Katika mikutano ya kuboresha mitaa, swali zito kuliko yote mara nyingi huulizwa na mtu aliyesimama nyuma, karibu na mlango: "Mkishatuletea barabara na maji, kodi ya nyumba haitapanda?" Sisi wa mipango miji tunapaswa kumjibu ukweli. Hupanda. Mtaro ukichimbwa na taa zikiwaka, dalali huanza kuzunguka, na mpangaji aliyevumilia matope miaka yote hiyo hufungasha virago kufuata matope mengine.

Watu wa Voi, Taita-Taveta, waliliwahi swali hili. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 mtaa wao wa Tanzania-Bondeni, uliojengwa bila hati, uliingizwa katika mradi wa miji midogo uliozishirikisha serikali ya Kenya, baraza la mji na GTZ, shirika la Ujerumani. Wakazi wangeweza kudai kila mtu hatimiliki yake. Walichagua ardhi yote ishikwe kwa pamoja.

Ardhi ni ya wadhamini, watu waliokabidhiwa kuishika kwa niaba ya chama cha wakazi. Nyumba ni yako: unaikarabati, unawarithisha watoto. Ukihama unauza kuta, milango na mabati; kiwanja kinabaki. Hapo dalali hukosa pa kushika, kwa kuwa faida anayoitafuta imo kwenye udongo. Sheria ya wakati huo haikuijua milki ya namna hii, ikabidi chama kilichosajiliwa kiunganishwe na amana ya wadhamini. Milki hii ina gharama yake pia. Benki husita kumkopesha mtu asiye na hati ya peke yake, na kwa mama anayetaka mtaji wa duka hilo si jambo dogo. Hata hivyo naona walichagua vyema.

Mukuru, eneo la mitaa ya mabanda jijini Nairobi, ni kubwa zaidi na ngumu zaidi. Mwaka 2017 kaunti iliitangaza eneo maalumu la mipango, yaani eneo lenye matatizo ya pekee linaloandaliwa mpango wake. Kaya zipatazo 100,000 zilihusika, mashirika zaidi ya 40 yakaingia, na wakazi wakajipanga kwa makundi ya nyumba kumi kumi ili maoni yaanzie mlangoni. Ila sehemu kubwa ya ardhi ile ilikwisha kugawiwa watu binafsi, na wakazi wengi ni wapangaji. Mpango mzuri juu ya ardhi ya mwingine humwacha mpangaji akining'inia.

Kwa hiyo mwekezaji au mfadhili akibisha hodi mtaani kwenu, msianze na ramani ya barabara. Kamilisheni kwanza daftari la wakazi, mliandike wenyewe, na makubaliano yaseme wazi kodi itadhibitiwaje na nani anaruhusiwa kuuza nini. Daftari hilo lianze na anayepanga chumba kimoja mwisho wa korido, ndipo lifike kwa mwenye ploti.