Unga wa protini, mazoezi, na povu la mkojo mnaloambiwa ni la kawaida

Mara kwa mara huketi mbele yangu mtu mwenye mabega mapana, mikono ya chuma, na uso uliovimba kuzunguka macho. Mkojo wake una povu tangu miezi kadhaa. Nikimuuliza kwa nini hakuja mapema, jibu ni lile lile: "Niliambiwa ni protini iliyozidi inatoka." Maswali mengine ya unga huu nitayajibu pia, lakini maneno hayo ndiyo yaliyonifanya niandike.

Unga wa protini ni nini hasa?

Ni chakula kilichokaushwa. Aina inayouzwa zaidi hutokana na maziwa: jibini ikitengenezwa, maji yanayobaki huchujwa na kukaushwa, ndiyo wei. Kaseini nayo ni ya maziwa. Wasiotumia maziwa wana unga wa soya au njegere. Kijiko cha kupimia kinachokuja ndani ya kopo huwa na gramu 20 hadi 25 za protini, kutegemea aina. Si dawa na si homoni.

Nafanya mazoezi. Nauhitaji?

Wengi wenu hapana. Mtu mzima wa kawaida anahitaji gramu 0.8 za protini kwa siku kwa kila kilo ya uzito wake. Anayefanya mazoezi kwa bidii anahitaji kati ya 1.2 na 2.0. Kwa mtu wa kilo 70 anayenyanyua vyuma, gramu 110 hivi zinatosha kabisa. Yai moja lina gramu 6, glasi ya maziwa 8, kipande cha kuku au samaki cha gramu 100 kina kati ya 20 na 30, na maharage yaliyopikwa ya uzito huo yana 8 au 9. Kabla hujanunua kopo, kaa chini uhesabu ulichokula jana. Wengi wakihesabu wanakuta walishafika.

Mwaka 2018 ulichapishwa uchambuzi uliokusanya tafiti 49 za watu zaidi ya 1,800 waliokuwa kwenye mazoezi ya kunyanyua uzito. Walioongezewa protini waliwazidi wenzao kwa wastani wa kilo 0.3 tu ya mwili usio mafuta, na kwa wastani faida iliishia pale mtu alipofikisha gramu 1.6 kwa kilo. Gramu mia tatu, basi. Kazi kubwa ilifanywa na mazoezi yenyewe.

Kwa hiyo hauna faida kabisa?

Sikusema hivyo. Unamfaa mtu anayetoka mazoezini kwenda kazini bila nafasi ya kula, mzee ambaye hamu ya kula imepungua na misuli inamwisha, au asiyekula nyama wala maziwa ambaye chakula chake hakifikishi kiasi. Kwa hao ni njia rahisi ya kujaza pengo. Lakini uwe juu ya chakula. Ukiwa badala ya chakula unakosa nyuzinyuzi, madini na nguvu ya kufanyia mazoezi, halafu mwili unaichoma hiyo protini uliyoinunua kama kuni.

Ni lazima ninywe ndani ya nusu saa baada ya mazoezi?

Hapana. Kinachohesabika ni jumla ya siku nzima, ikigawanywa kwenye milo.

Nikinywa vijiko vinne badala ya kimoja, misuli itakua haraka?

Hapana. Mwili hauna ghala la protini. Ya ziada huvunjwa kwenye ini, naitrojeni yake inageuzwa kuwa yurea na kutolewa na figo. Inayosalia huchomwa au kugeuka mafuta. Wengine huishia na tumbo kujaa gesi na kuharisha, hasa ambao matumbo yao hayapatani na sukari ya maziwa.

Mkojo wangu una povu. Si ndiyo hiyo protini ya ziada?

Hapana. Soma vizuri: hapana.

Protini uliyokunywa haiingii kwenye damu ikiwa nzima. Tumboni na kwenye utumbo hukatwakatwa kuwa vipande vidogo viitwavyo amino asidi. Hivyo ndivyo vinavyokwenda kwenye misuli, na vya ziada hutoka kama yurea nilivyoeleza. Yurea haifanyi povu la namna hiyo. Protini inayopimwa kwenye mkojo wenye shida si ya kopo lako. Kwa kawaida ni albumini, protini ya damu yako mwenyewe, ambayo figo nzima haiiachii kupita isipokuwa chembe kidogo sana. Ikipita nyingi, maana yake chujio limetoboka.

Albumini ndiyo inayosaidia kuyashikilia maji ndani ya mishipa. Ikipungua, maji hutoka na kukaa kwenye nyama: asubuhi macho yamevimba, jioni soksi zimeacha alama kwenye miguu. Hapo ndipo wenzako wanakwambia ni kreatini, kirutubisho kingine cha wanyanyua vyuma, inavuta maji, na wewe unafurahi kwamba unajaa. Hujajaa. Umevimba.

Povu linaloletwa na kasi ya mkojo hupotea upesi. Linalokaa, na kurudi siku baada ya siku, linahitaji kipimo. Kijiti cha kupimia mkojo hutoa jibu ndani ya dakika chache. Dakika chache! Na watu wanasubiri miezi sita.

Lakini mwalimu wangu wa mazoezi naye ana povu na ni mzima.

Amepimwa? Kama hajapimwa, hajui kama ni mzima, na wewe hujui. Ugonjwa wa figo hauumi mwanzoni. Mtu anaweza kupoteza sehemu kubwa ya uwezo wa figo zake huku bado ananyanyua vyuma kila jioni. Nendeni wote wawili.

Niache unga kwanza mwezi mmoja nione kama povu litaisha?

Hapana. Huo mwezi ndio ninaoukataa. Acha unga leo kama unataka, lakini upimwe wiki hii, na kama una uvimbe upimwe leo. Magonjwa kadhaa yanayotoboa chujio la figo hutibika vizuri yakiwahiwa. Yakichelewa huacha kovu, na kovu la figo halirudi kuwa figo.

Unga wenyewe unaharibu figo?

Kwa mtu mwenye figo nzima, viwango nilivyotaja havijaonekana kuziharibu. Tatizo ni hilo neno "nzima". Visababishi vikubwa vya ugonjwa sugu wa figo ni kisukari na presha, na vyote viwili hukaa kimya miaka. Mwenye figo iliyokwisha kuathirika huambiwa apunguze protini, karibu gramu 0.8 kwa kilo au chini ya hapo kwa ushauri wa daktari, kwa sababu protini nyingi huzilazimisha figo zilizobaki kuchuja kwa nguvu kupita kiasi. Basi kama una kisukari, presha, au ndugu wa damu mwenye ugonjwa wa figo, kipimo kinatangulia kopo.

Na kuna tabia nyingine inayonikera kuliko unga: kumeza diklofenaki au ibuprofeni kila baada ya mazoezi ili maumivu yasikuzuie kesho. Dawa hizo hupunguza damu inayoingia kwenye figo. Ukizimeza ukiwa umetoka jasho na hujanywa maji, unaziumiza mara mbili. Misuli ikiuma, pumzika. Ndiyo kazi ya maumivu.

Baada ya mazoezi makali mkojo umekuwa wa rangi ya kahawa.

Usisome zaidi, nenda hospitali sasa. Misuli ikivunjika kupita kiasi humwaga kwenye damu vitu vinavyoweza kuziba figo ndani ya saa chache. Kunywa maji nyumbani na kulala si matibabu.

Nikiamua kununua, nichagueje?

Angalia kama umepimwa na maabara huru isiyo ya mtengenezaji. Utafiti mmoja wa miaka ya 2000 na 2001 ulipima virutubisho 634 vilivyonunuliwa katika nchi 13. 94 kati yake vilikuwa na homoni ambazo hazikuandikwa kwenye lebo. Unga unaoahidi misuli ndani ya wiki mbili uache hapo hapo dukani.

Nikienda kupimwa niseme nini?

Sema kila unachotumia: unga, kreatini, dawa za maumivu, sindano ulizochomwa na rafiki. Sitakugombeza. Kreatini na misuli mikubwa hupandisha kreatinini, taka ya misuli tunayoipima kujua hali ya figo, kwenye damu hata figo zikiwa salama, na asiyejua anaweza kukusoma vibaya. Mazoezi makali nayo huweza kupitisha protini kidogo kwenye mkojo kwa siku moja au mbili, kwa hiyo kama huna uvimbe, pumzika siku mbili kabla ya kipimo. Leta mkojo wa kwanza wa asubuhi. Na kopo lenyewe lije nalo, nisome kilichoandikwa.