Mzunguko wa Ukimya: Maana Yake, na Tulivyouona Kwenye Grupu la Darasa

Mwaka jana darasa letu hapa Tanga lilipanga safari ya Mapango ya Amboni. Si mbali, kama kilomita 8 tu kutoka mjini, lakini mpango ulikuwa mkubwa: Coaster mbili za kukodi, pilau, fulana za rangi moja na mpigapicha. Mchango ulikuwa shilingi 35,000 kwa kila mtu. Kiongozi wa darasa aliuweka kwenye grupu la WhatsApp saa mbili usiku. Dakika tano hazikuisha, watu sita walikuwa wameshajibu: "Sawa kabisa," "Twende kazi," dole gumba, dole gumba. Grupu lina watu 58. Mimi nikaandika, "Jamani, hiyo hela ni nyingi," kisha nikaifuta kabla sijaituma. Kwangu fedha hiyo ni chakula cha wiki mbili, na usiku ule niliamini kwamba darasa zima ni mimi tu nisiyeiweza.

Siku ya mwisho ya kulipa, waliolipa walikuwa 14. Kiongozi alikuwa ameshatanguliza hela ya mfukoni mwake kwa mwenye magari. Aliuliza kwa uchungu, na alikuwa na haki: "Mbona hamkusema?"

Swali lake lina jibu, na jibu hilo lina jina. Mzunguko wa ukimya ni hali ambayo mtu mwenye maoni anayodhani ni ya wachache huamua kunyamaza kwa kuogopa kutengwa. Akinyamaza, mwenzake mwenye maoni yale yale hamsikii, naye anajiona yuko peke yake, naye ananyamaza. Upande wa pili wanaendelea kusema kwa kujiamini, hivyo wanaonekana wengi kuliko walivyo. Kadiri wanavyoonekana wengi, ndivyo wengine wanavyozidi kufunga midomo. Ukimya unazaa ukimya.

Aliyeieleza dhana hii ni mtafiti wa Kijerumani, Elisabeth Noelle-Neumann, mwaka 1974. Kazi yake ilikuwa kupima maoni ya watu, na kilichomshtua ni uchaguzi wa Ujerumani Magharibi wa mwaka 1965. Kwa miezi mingi, watu walipoulizwa watampigia nani, vyama viwili vikubwa vilikwenda sambamba. Lakini walipoulizwa wanadhani nani atashinda, jibu lilizidi kuegemea upande mmoja mwezi baada ya mwezi. Mwishoni kura nazo zikaegemea huko huko. Akahitimisha kwamba watu wana namna ya kunusa upepo wa maoni unavuma wapi, na wengi hawapendi kusimama mbele ya upepo huo.

Ili kupima ujasiri wa watu alitumia swali ambalo mtu wa Tanga analielewa mara moja. Aliwaambia wajione wako safarini kwenye treni kwa saa tano, na abiria mwenzao ameanza kuzungumzia jambo lenye ubishi. Je, ungechangia mazungumzo, au ungekaa kimya? Weka basi la kwenda Dar es Salaam mahali pa treni, swali linabaki lile lile. Wote tumewahi kupanda basi ambalo mmoja anahubiri siasa tangu Segera hadi Chalinze, na abiria wengine wanatazama dirishani.

Hapa ndipo ninapotofautiana na msemo tuliouzoea, kwamba kimya ni kukubali. Kwenye posa sawa, wazee wanajua wanachokisoma. Lakini kwenye kundi, kimya kinaweza kuwa kukubali, au kuogopa, au kuona aibu, au kutokuwa na bando. Tunasema pia wengi wape, na mimi naukubali msemo huo. Shida yetu ilikuwa kwamba hatukuwajua wengi ni akina nani. Tuliwahesabu waliosema.

Nimefikiri sana kwa nini jambo hili ni zito zaidi kwenye simu. Jioni huwa nakaa na mjomba kwenye kibaraza cha kahawa pale Ngamiani. Pale watu pia hunyamaza, lakini kimya chao kina uso. Mzee asiyekubali anaguna. Mwingine anakizungusha kikombe bila kunywa, anatema pembeni, anaomba kashata ghafla. Msemaji anaona, anapunguza mwendo, anasema, "Au wewe unaonaje, bwana?" Kwenye grupu hakuna kuguna. Anayesoma akaumia moyoni na anayesoma akafurahi wanaacha alama moja tu, tiki mbili za bluu. Kinachoonekana ni yale majibu sita.

Halafu maneno ya kwenye simu yanabaki. Ukisema barazani ukakosea, kesho imesahauliwa. Ukiandika, mtu anapiga picha ya skrini na kuipeleka kwenye grupu lingine. Mwaka 2014 kituo cha utafiti cha Pew, Marekani, kilitoa matokeo kuhusu utayari wa watu kuzungumzia taarifa za siri alizovujisha Edward Snowden, aliyewahi kufanya kazi kwenye ujasusi wa Marekani, juu ya serikali kufuatilia mawasiliano ya raia. Asilimia 86 walikuwa tayari kulizungumzia jambo hilo ana kwa ana. Kwa watumiaji wa Facebook na Twitter, waliokuwa tayari kuliandika huko walikuwa asilimia 42.

Dhana hii haielezi kila kimya. Wapo wasiotikisika, ambao watasema hata wakibaki peke yao, na Noelle-Neumann mwenyewe aliwataja. Tafiti nyingi zilizofuata zimeona nguvu ya mzunguko huu ni ndogo kuliko alivyofikiri. Unaonekana zaidi kwenye mambo yenye aibu au hukumu ndani yake, kama fedha, dini na siasa. Mtu akiuliza kipindi cha kesho ni saa ngapi, hakuna anayeogopa kujibu.

Kinachonipa moyo ni jaribio la zamani zaidi, la mwanasaikolojia Solomon Asch, mwaka 1951. Alimweka mtu mmoja kati ya watu waliopangwa kutoa jibu la uongo kuhusu urefu wa mistari, jibu ambalo mtoto angeliona ni kosa. Takriban theluthi ya majibu ya yule mtu yalifuata uongo wa wenzake. Lakini alipowekewa mwenza mmoja tu aliyesema kweli, makosa yalishuka hadi kama robo ya yale ya mwanzo. Mmoja tu.

Baada ya safari kuvunjika, kiongozi aligawa vikaratasi darasani, bila majina, kila mtu aandike kiasi anachoweza. Karatasi 41 zilikuwa na shilingi 10,000 au chini ya hapo. Tulichanga kwanza kumrudishia hela yake iliyopotea kwa mwenye magari. Kisha Jumamosi moja tukapanda daladala za Amboni, tukamalizia kwa miguu, na mihogo ya kuchemsha kwenye mifuko. Siku hizi akileta jambo la mchango kwenye grupu anamalizia kwa kusema, "Asiyeweza aniandikie pembeni." Mara ya kwanza alipoandika hivyo, usiku ule ule alipata meseji 23. Moja ilikuwa yangu.