Faili la Ajali Lisipofunguka: Namna ya Kuilinda Kadi ya Kamera ya Gari

Katika siku za karibuni kitengo chetu cha uchunguzi wa vifaa vya kielektroniki kimekuwa kikipokea memori kadi nyingi zilizotolewa kwenye kamera za dashibodi, na malalamiko yanayoambatana nazo hufanana: gari limegongwa, kamera ilikuwa inawaka, lakini faili la dakika ileile ya ajali halifunguki, ilhali yaliyolitangulia yanacheza bila tatizo. Wapo wanaoituhumu kampuni ya bima, na wapo wanaosema ni virusi. Kwa sehemu kubwa sivyo. Faili hilo limeharibiwa na ajali yenyewe, na mara nyingi picha zake bado zimo ndani ya kadi. Kinachozipoteza ni yale yanayofanyika baadaye, tena kwa nia njema.

Kamera ya gari hairekodi safari nzima katika faili moja. Hurekodi vipande vya dakika moja, tatu au tano, na kila kipande ni faili linalojitegemea, mara nyingi la aina ya MP4. Mtaalamu akilitazama faili la namna hiyo baiti kwa baiti, hukuta karibu na mwanzo herufi ftyp zinazotambulisha aina yake, kisha mdat, ambamo picha na sauti zimehifadhiwa, na mwishoni moov, ambayo ni faharasa inayoeleza kila picha inaanzia wapi, ina ukubwa gani na ionyeshwe wakati gani. Kamera nyingi huiandika faharasa hiyo pale tu kipande kinapofungwa. Umeme ukikatika kwa kishindo kabla ya hapo, faharasa haiandikwi kabisa, na programu ya kuchezea video haina pa kuanzia. Ukubwa wa faili nao kwa kawaida hukamilishwa kwenye orodha ya mafaili ya kadi wakati huohuo wa kulifunga, na ndiyo maana kompyuta inaweza kuonyesha KB 0. Sifuri hiyo si uthibitisho kwamba hakuna kilichorekodiwa.

Kosa kubwa kuliko yote ni kuiacha kadi ndani ya kamera na kuendelea na safari. Kamera ikijaa hufuta vipande vya zamani ili kupata nafasi. Kitambua mshtuko huweza kulifunga faili la ajali lisifutwe, lakini ulinzi huo hulihusu faili lililokamilika. Lile lililokatika katikati huweza kuhesabiwa kuwa nafasi tupu. Tuchukue kamera inayorekodi kwa kasi ya megabiti 15 kwa sekunde: kipande cha dakika tatu huchukua takriban MB 337, na kadi ya GB 32 huwa imejaa baada ya saa nne na nusu hivi. Aliyegongwa Morogoro, gari likawaka, akaendelea hadi Dar es Salaam kwenye foleni huku kamera ikirekodi, anaweza kufika nyumbani rekodi mpya zikiwa zimeandikwa juu ya yote aliyotaka kuyaonyesha. Hakuna maabara inayoweza kurudisha baiti ambazo data mpya imekwisha kuandikwa juu yake, na si haki kumtaka mtaalamu aeleze kwa nini ameshindwa.

Kosa la pili hufanyika kwenye kompyuta. Windows ikiona kadi ina hitilafu hupendekeza kuikagua na kuirekebisha, na mwenye kadi hubofya kukubali. Kazi ya huduma hiyo ni kuweka sawa orodha ya kadi; haikutengenezwa kwa ajili ya kuokoa video. Mabaki ambayo hayana mwenyewe huyakusanya kwenye folda iitwayo FOUND.000 kwa majina kama FILE0000.CHK, na katika kufanya hivyo huiandika kadi upya. Simu za Android nazo huweza kuunda folda zake mara tu kadi inapochomekwa, au hutaka kadi ifomatiwe, yaani ifutwe na kuandaliwa upya. Jibu liwe hapana, kila mara. Tumeshapokea kadi iliyofomatiwa na mwenyewe, ikafomatiwa tena na fundi, ikarudishwa kwenye gari kwa majaribio, ndipo ikaletwa kwetu. Hilo tunaliomba likome.

Kwa hiyo, baada ya kuhakikisha watu wako salama na polisi wamejulishwa, zima kamera, toa kadi, iweke kwenye bahasha, andika tarehe, saa na jina la aliyeitoa, kisha usiichomeke popote. Kitufe kidogo cha kufungia kilicho ubavuni mwa adapta ya kuchomekea kadi hakitoshi kuwa kinga, kwa kuwa ni kisoma kadi kinachoamua kukitii au kutokitii. Kamera yenyewe iletwe pamoja na kadi bila kubadilishwa mipangilio. Wengi huiacha wakidhani haina kazi, kumbe tunaihitaji: huwa tunarekodi kipande kizima kwa kadi nyingine, kwa mipangilio ileile, na kipande hicho ndicho kielelezo cha kujengea upya faharasa ya faili lililokatika.

Kadi ikifika, hupewa namba, hupigwa picha pande zote mbili, na aliyeileta husaini fomu ya makabidhiano pamoja na mpokeaji. Fomu isiyo na saini ya pande zote mbili hairuhusu kazi kuanza. Kisha kadi huunganishwa kupitia kifaa kinachozuia uandishi, na nakala kamili ya kila sekta, yaani kila kisehemu kidogo cha kuhifadhia data, hutolewa, zikiwamo sekta zinazoonekana tupu. Nakala hiyo hukokotolewa alama ya SHA-256, mfuatano wa tarakimu na herufi 64 ambao hubadilika hata biti moja ikiguswa, na alama hiyo huandikwa kwenye fomu siku hiyohiyo. Kadi halisi hufungwa kwa lakiri. Kazi yote inayofuata hufanyika juu ya nakala.

Hapo ndipo utafutaji huanza. Programu za bure kama PhotoRec huweza kuokota mafaili yaliyofutwa, na untrunc hujenga faharasa kwa kufuata faili zima la kamera ileile. Hatuna pingamizi na matumizi yake, ilimradi zitumike juu ya nakala. Ugumu huzidi kwenye kamera zenye lenzi mbili, mbele na nyuma, kwa sababu video zote mbili huandikwa kwa wakati mmoja na vipande vyake hupishana ndani ya kadi. Anayeokota baiti kwa mfuatano tu hupata picha za mbele zilizochanganyika na za nyuma, kisha hudhani faili limeoza. Kuzitenganisha ni kazi ya siku kadhaa. Sekunde za mwisho kabla ya umeme kukatika huenda hazikuwahi kutoka kwenye kumbukumbu ya muda ya kamera kuingia kwenye kadi, na hizo hatuziahidi kwa mtu yeyote.

Kuhusu mahakama, kifungu cha 18 cha Sheria ya Miamala ya Kielektroniki kama ilivyotungwa mwaka 2015 kinazuia ujumbe wa data kukataliwa kwa sababu tu ni wa kielektroniki, lakini katika kupima uzito wake hutazamwa jinsi ulivyotengenezwa, ulivyohifadhiwa na uadilifu wake ulivyolindwa. Faili lililorekebishwa si faili la asili. Ripoti yetu husema wazi ni sehemu gani imejengwa upya, nayo kwa kawaida ni faharasa, na kwamba picha hazikuguswa. Video iliyopitia WhatsApp haitufai kwa kazi hii, kwa kuwa kwa kawaida hubanwa upya na kupoteza taarifa zake nyingi.

Anayefuta au kubadilisha data kwa makusudi na kinyume cha sheria anakabiliwa na kifungu cha 7 cha Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015, ambacho adhabu yake ni faini isiyopungua shilingi milioni 10 au mara tatu ya manufaa aliyoyapata, kutegemea kipi ni kikubwa zaidi, au kifungo kisichopungua miaka mitatu, au vyote viwili. Kusambaza video inayoonyesha nyuso za majeruhi au namba za magari ya wengine nako kunaweza kumuingiza mtu kwenye mgogoro na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022.

Liko jambo moja linalosahaulika, nalo ni saa ya kamera. Betri yake ndogo ikifa, tarehe hurudi kwenye ile ya kiwandani, na kamera nyingine zenye GPS hufuata saa ya dunia, iliyo nyuma ya yetu kwa saa tatu. Kabla ya kutuletea kamera, iwashe bila kadi, linganisha saa yake na ya simu, kisha iandike tofauti hiyo juu ya bahasha. Usiirekebishe.