Je, wajua kwa nini Yeremia alinunua shamba wakati mji wake ulikuwa unaanguka?

Karibu mwaka 587 KK, katika mwaka wa kumi wa kutawala kwake Sedekia, mfalme wa Yuda, majeshi ya Nebukadreza wa Babeli yalikuwa yameuzingira Yerusalemu, na vilima vya udongo vilivyorundikwa na askari wake vilikuwa vimeufikia ukuta. Ndani ya mji kulikuwa na njaa na tauni. Nabii Yeremia alikuwa kifungoni katika ua wa walinzi wa jumba la mfalme, kwa kosa la kusema waziwazi kwamba mji utatekwa. Hapo ndipo Hanameli, mtoto wa amu yake, alipomwendea akamwomba anunue shamba lake lililokuwa Anathothi. Yeremia alikubali, akampimia shekeli 17 za fedha.

Mtu aliyekuwa akitangaza kwa miaka mingi kwamba nchi itaangamizwa anatoaje fedha yake kununua kipande cha nchi hiyohiyo? Jibu lake limo katika sura ya 32 ya kitabu cha Yeremia, na kwa maoni yangu ndiyo sura inayotueleza vizuri kuliko zote maana ya ahadi ya kurudi kwa watu waliohamishwa Babeli. Ahadi nyingine za namna hiyo zimekuja kwa maono: Ezekieli aliona bonde lililojaa mifupa mikavu inayopata uhai, na kitabu cha Isaya kinasema juu ya njia kuu iliyonyoshwa jangwani. Ya Yeremia ilikuja kama hati ya kuuziana ardhi, yenye mashahidi na mihuri.

Tuanze na Anathothi penyewe. Kilikuwa kijiji cha makuhani katika nchi ya Benyamini, yapata kilomita 5 kaskazini-mashariki ya Yerusalemu, na jina lake lingali hai katika kijiji cha Anata cha leo. Yeremia alizaliwa hapo. Wanakijiji wenzake waliwahi kula njama ya kumwua kwa sababu ya mahubiri yake, kama sura ya 11 inavyoeleza, kwa hiyo hakuwa na sababu ya kupapenda sana. Lakini sheria ya Walawi 25 ilisema kwamba mtu akiwa maskini na kuuza milki yake, jamaa yake wa karibu atakuja kuikomboa, ili ardhi isitoke mikononi mwa ukoo. Hanameli alikuwa wa upande wa kuumeni, shamba lilikuwa la ukoo wa baba, na haki ya kulikomboa ilikuwa ya Yeremia. Alinunua akitimiza wajibu wa ukoo, katika saa ambayo ukoo wenyewe ulikuwa karibu kung'olewa.

Masimulizi ya ununuzi huo yana undani ambao ni nadra kuupata mahali pengine katika Biblia. Fedha ilipimwa kwa mizani, kwa kuwa shekeli wakati huo ilikuwa kipimo cha uzito, wala si sarafu. Shekeli 17 zinakaribia gramu 190 za fedha. Hati iliandikwa, mashahidi wakatia sahihi, kisha Yeremia akamkabidhi Baruku, mwandishi wake, nakala mbili: moja iliyotiwa muhuri na moja iliyo wazi. Nakala iliyo wazi ilikuwa ya kusomwa wakati wowote. Ile iliyofungwa ilikuwa dhamana: mtu akidai kwamba maneno yamebadilishwa, muhuri ulivunjwa na maneno yakalinganishwa. Desturi hiyo iliendelea kwa karne nyingi, kwani mwaka 1961 Yigael Yadin na wenzake, wakichimba katika pango la jangwa la Yudea, walikuta hati za mwanamke aliyeitwa Babatha, za karne ya 2 BK, na baadhi yake zimeandikwa mara mbili katika karatasi moja, sehemu ya juu ikiwa imekunjwa na kufungwa kwa nyuzi.

Kisha Yeremia akaagiza hati zote mbili ziwekwe katika chombo cha udongo ili zidumu siku nyingi. Agizo hilo lilikuwa la mtu anayejua mambo ya kuhifadhi maandishi. Gombo za Kumrani, ambazo za kwanza ziligunduliwa mwaka 1947 karibu na Bahari ya Chumvi, nyingine zilikuwa ndani ya mitungi ya udongo, nazo zilikuwa zimekaa humo takriban miaka elfu mbili. Baada ya hapo ndipo nabii akatoa maana ya tendo lake: nyumba na mashamba na mizabibu vitanunuliwa tena katika nchi hii.

Msomaji asidhani kwamba Yeremia alikuwa na utulivu usiotikisika. Mara tu baada ya kumpa Baruku hati aliomba, na sala yake inaishia kwa mshangao: mji umekwisha kutiwa mikononi mwa Wakaldayo (yaani Wababeli), nawe, Bwana, umeniambia ninunue shamba kwa fedha mbele ya mashahidi! Alitii kwanza, akauliza baadaye. Sehemu hii huniganda moyoni kuliko nyingine zote, hasa nikikumbuka kwamba kwa sura ya 16 alikuwa amekatazwa kuoa na kuzaa watoto. Hakuwa na mrithi wa shamba hilo. Mji ulipoanguka alibaki na mabaki ya watu, nao wakamchukua pamoja nao hadi Misri, na Biblia haisimulii kwamba alirudi.

Yeye mwenyewe alijua kwamba kurudi hakungekuwa kwa haraka. Nabii Hanania aliahidi mbele ya umati kwamba vyombo vya hekalu na watu waliokwisha chukuliwa Babeli mwaka 597 KK, kabla ya kuzingirwa huku, wangerudishwa katika muda wa miaka 2. Yeremia aliwaandikia wahamishwa barua yenye habari ngumu zaidi: jengeni nyumba, pandeni bustani, ozeni watoto wenu, utakieni amani mji mliopelekwa, kwa maana itapita miaka 70. Zaburi ya 90 inaitaja miaka 70 kuwa siku za maisha ya mwanadamu, na kwa hiyo watu wazima waliosomewa barua ile walielewa kwamba watakaorudi ni watoto na wajukuu wao. Na walijenga kweli. Vibao vya udongo kutoka Babeli, vya mwaka 572 KK na kuendelea, vinataja mji ulioitwa Al-Yahudu, ambapo watu wenye majina ya Kiyahudi walilima, walikopeshana na kulipa kodi.

Mwezi Oktoba mwaka 539 KK Koreshi, mfalme wa Uajemi, aliiteka Babeli. Kitabu cha Isaya kinamwita masihi wa Bwana, jina kubwa mno kwa mfalme asiyemjua Mungu wa Israeli. Kitabu cha Ezra kinaanza na amri yake ya kuwaruhusu Wayahudi wapande kwenda Yerusalemu. Silinda ya udongo iliyochimbuliwa Babeli mwaka 1879, ambayo sasa iko katika Jumba la Makumbusho la Uingereza, haitaji Yuda, lakini inaonyesha Koreshi akijisifu kwamba aliirudisha miungu ya mataifa mahali pake na kuwakusanya watu wao, siasa inayolingana na ile ya Ezra.

Orodha ya waliorudi, katika Ezra 2, inahesabu jumla ya watu 42,360, pasipo watumishi. Wengi huiruka, kwa kuwa ni majina na tarakimu. Katika aya ya 23, hata hivyo, kuna mstari mfupi: watu wa Anathothi, 128. Kijiji kile kilikuwa tena na wenyewe, na Nehemia 11 inakitaja miongoni mwa makao ya Wabenyamini. Chombo cha udongo hakitajwi tena popote.

Neno la Yeremia lilihusu kununua na kuuza, yaani maisha ya kawaida pamoja na matatizo yake, na hivyo ndivyo ilivyokuwa. Hekalu lililojengwa upya lilimalizika mwaka 515 KK, katika mwaka wa sita wa Dario, mfalme wa Uajemi. Miaka 70 hivi baadaye, katika Nehemia 5, watu wanalia kwamba wameweka rehani mashamba, mizabibu na nyumba zao ili wapate nafaka wakati wa njaa, na kwamba baadhi ya binti zao wamekwisha kuingia utumwani. Waliowakopesha walikuwa Wayahudi wenzao. Nehemia, aliyekuwa liwali wa Yuda, aliwakemea wakubwa hao mbele ya mkutano, akawataka wavirudishe vyote siku ileile, kisha akawaita makuhani na kuwaapisha wakubwa hao mbele yao.