Kwenda kazini huku unaugua sonona na wasiwasi: tunavyopanga kliniki

Wagonjwa wangu wengi wenye ajira hawaji wakisema wana sonona. Wanakuja na bahasha. Kipimo cha moyo kiko sawa, picha ya kifua iko sawa, dozi ya taifodi imerudiwa, na ya vidonda vya tumbo nayo imemezwa ikaisha. Moyo unadunda kikao cha Jumatatu kikikaribia, usingizi unakatika saa 9 usiku na haurudi, chakula hakina ladha. Daktari wa mwisho kamwambia hana ugonjwa, apunguze mawazo. Mimi ni mwanasaikolojia tiba hapa Dar es Salaam, na sehemu kubwa ya kazi yangu ni watu wa namna hii: wahasibu, walimu, wauguzi, madereva, watu wa benki. Hawajalazwa popote. Wanaamka, wanapanda daladala, wanasaini mahudhurio, halafu siku nzima inapita wakiwa wamefungua faili moja tu.

Ile bahasha siidharau. Tezi ya thairoidi, ile ya shingoni, ikizidisha kazi huleta mapigo ya haraka, jasho na kutetemeka. Ikizembea huleta uchovu na huzuni. Upungufu wa damu nao huchosha. Kwa hiyo nataka wingi wa damu na kipimo cha tezi viwe vimeonekana kabla sijaanza kuulizia mambo ya moyoni.

Hayo yakishakaa sawa, nachukua dodoso la kupima sonona, PHQ-9, ambalo lipo kwa Kiswahili. Maswali 9, yote yanahusu wiki 2 zilizopita, kila moja alama 0 hadi 3, jumla 27. Kuanzia 10 nachimba zaidi. Wasiwasi una dodoso lake, GAD-7, lenye maswali 7. Lakini swali ninalolisubiri ni lile la chini kabisa la PHQ-9, lisilo na alama: mambo haya yamekuwekea ugumu kiasi gani kufanya kazi zako, kushughulikia ya nyumbani, au kuelewana na watu? Unaweza kumkuta mwenye alama 18 ambaye hesabu zake bado zinafungwa kila mwisho wa mwezi, na mwenye 11 ambaye barua ya pili ya onyo imeshaandikwa. Ukiangalia jumla peke yake, utamkimbilia wa kwanza na kumpoteza wa pili.

Tofauti hiyo inatokana na namna ugonjwa unavyoingia kazini. Mtu mwenye sonona ya wastani anaweza kufua nguo za wiki nzima na akashindwa kuchagua kati ya ankara za wazabuni wawili. Kinachovurugika zaidi ni kuanza jambo, kuamua, na kushika kichwani mambo mawili matatu kwa pamoja, na ofisi inamlipa mtu kwa hayo hayo. Bosi anaona uvivu. Mwenyewe pia anaona uvivu, na anajihukumu vikali kuliko bosi.

Wasiwasi una njia yake, nayo ni kukwepa. Barua pepe ya mkaguzi imeingia, moyo unaruka, unaifunga bila kuisoma. Papo hapo unapata nafuu. Nafuu hiyo ndiyo sumu, kwa sababu ubongo unajifunza kwamba ile barua kweli ilikuwa hatari na kwamba kuikimbia kulikuokoa. Kesho itakuwa ngumu zaidi kuifungua. Magonjwa haya mawili huwa yanakuja pamoja mara nyingi, na yakikutana yanasaidiana: sonona inalimbikiza kazi, malimbikizo yanaupa wasiwasi ushahidi wa kweli. Sasa mkaguzi ana sababu ya kukasirika.

Nichukue mhasibu mmoja, ambaye nimemtengeneza kwa kuchanganya watu kadhaa ili asijulikane yeyote. Simu yake ilikuwa inakaa kifudifudi mezani, kwa ajili ya kundi la WhatsApp la ofisi lenye bosi anayeandika saa 5 usiku, na kwa ajili ya mikopo miwili ya kausha damu, ile ya mtaani yenye riba kubwa. Alikuja akitaka nimwandikie aache kazi. Nilimwambia jambo ninalowaambia karibu wote: uamuzi wa kuacha kazi tunauweka kando mpaka usingizi urudi. Ukiwa ndani ya sonona, kila mlango unaonekana umefungwa, na ule wa kutokea ndio pekee unaoonekana uko wazi. Ukiacha, kausha damu hawaachi. Natoa nafasi kwa hali moja: kama kazini unatukanwa, unapigwa au unaombwa rushwa ya ngono, hapo tatizo haliko kichwani mwako na mazoezi yangu hayatalitatua. Tunazungumza kuhusu namna ya kutoka salama na pa kupeleka malalamiko.

Mpango wenyewe tunaanza na saa. Watu wengi wenye sonona asubuhi ndiyo mbaya zaidi, na jioni wanachangamka kidogo. Ofisi zetu zimepangwa kinyume chake. Vikao vizito vyote ni asubuhi. Kwa wiki moja mgonjwa anaandika kila baada ya saa 2 hali yake kwa namba, 0 hadi 10, na alichokuwa anafanya. Mara nyingi inajitokeza dirisha, tuseme saa 5 hadi saa 8 mchana. Maamuzi na maandishi yanahamia humo. Saa za mwanzo zinapewa kazi ambazo mikono inazijua: kupanga vocha, kuhakiki orodha, kujibu barua pepe za kawaida. Mwalimu hawezi kuhamisha vipindi, lakini anaweza kusahihisha madaftari katika dirisha lake na kuacha kuyabeba nyumbani, ambako hayasahihishwi na yanamtazama usiku kucha.

Halafu kuanza. Kungoja hamu irudi ndipo ufanye ni kosa la kawaida sana, na familia zinalichochea kwa upendo: pumzika, utafanya ukijisikia. Katika sonona hamu huwa inakuja nyuma ya kitendo. Kwa hiyo tunakata kazi mpaka ibaki kipande ambacho hata mtu mgonjwa anakiweza: fungua faili, andika kichwa cha ripoti na tarehe, kaa dakika 10. Zikiisha una ruhusa kamili ya kuacha. Wengi hawaachi. Wanaoacha nao wameshavunja siku ya kutofanya kitu. Hili lina jina kubwa vitabuni na utafiti mwingi nyuma yake, na ni jepesi kiasi kwamba wagonjwa wenye shahada wananitazama kana kwamba nawatania.

Kwa wasiwasi tunapanga vinavyoogopwa kuanzia chepesi hadi kizito, na tunaanzia katikati. Barua ya mkaguzi inasomwa, haijibiwi. Siku inayofuata inajibiwa kwa sentensi moja: nimepokea, nitaleta vielelezo Ijumaa. Mawazo ya "itakuwaje kama" yanapewa ratiba yake, nusu saa jioni, na karatasi. Yakija saa 4 asubuhi yanaandikwa neno moja pembeni na kuahirishwa. Inapofika jioni, mengi yamekwisha makali, na yaliyobaki kwa kawaida ni matatizo halisi yanayohitaji hesabu, kama ile mikopo. Hayo tunayapigia hesabu kweli. Ushauri wa kupumua hautalipa riba.

Kupumua kuna mahali pake, hasa kwa wanaoshikwa na hofu ya ghafla ndani ya Mwendokasi iliyojaa. Mtu anahema haraka, anatoa hewa ya kaboni dioksaidi kupita kiasi, vidole vinaingia ganzi, kichwa kinazunguka, na hapo anaamini moyo unasimama. Kama moyo wako umeshapimwa na ni mzima, jaribu usishuke. Toa pumzi polepole, ndefu kuliko unayovuta. Wimbi hupanda kwa dakika chache kisha hushuka lenyewe, na ubongo unapaswa kuliona likishuka ukiwa bado ndani ya basi. Wanaoshuka kila mara huishia kupanda bajaji kwenda kazini, halafu kuomba kufanyia kazi nyumbani, halafu kutotoka kabisa.

Dawa siandiki mimi, anaandika daktari, lakini malalamiko yake yanakuja kwangu. Fluoxetine, dawa ya sonona, humezwa asubuhi. Siku za mwanzo inaweza kuleta kichefuchefu na hata kuongeza wasiwasi, wakati faida yake inangoja wiki 2 hadi 6. Wengi wanaacha katikati ya hapo, yaani wamelipa gharama na kuondoka kabla ya kuchukua mzigo. Amitriptyline, nyingine ya sonona, humezwa usiku. Inakausha mdomo, inafunga choo, na usingizi wake unaweza kufika hadi asubuhi, jambo ambalo dereva na fundi wa mashine lazima waulizie kabla ya kushika usukani. Vidonge vya diazepam ambavyo jirani anakugawia vinatuliza leo na vinaweza kukufanya tegemezi ndani ya wiki chache tu. Ukipona, dozi ya dawa za sonona inaendelea kwa walau miezi 6. Usiikate siku unayojisikia mzima, na kushuka kwake kupangwe na daktari.

Sasa ED, yaani ruhusa ya daktari ya kutokwenda kazini kwa sababu unaumwa. Watu wanaugulia kwenye likizo ya mwaka kwa kutojua haki yao. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inatoa siku 126 za likizo ya ugonjwa katika mzunguko wa miezi 36: siku 63 za kwanza kwa mshahara kamili, 63 zinazofuata kwa nusu mshahara, ukiwa na cheti cha daktari. Ugonjwa wa akili ni ugonjwa. Kenya ni finyu zaidi: Sheria ya Ajira ya 2007, baada ya miezi 2 kazini, inahakikisha angalau siku 7 za mshahara kamili na 7 za nusu kwa mwaka. Hata hivyo sipendi likizo ndefu isiyo na ratiba. Mwezi mzima chumbani, mapazia yamefungwa, unaizidisha sonona, na siku ya kurudi inakuwa mlima. Mgonjwa wangu anayepewa ED na daktari anatoka kwangu na karatasi ya siku: saa ya kuamka, saa ya kutembea, mtu wa kumtembelea.

Bosi umwambie nini? Jina la ugonjwa si lazima. Kinachosaidia ni ombi lenye mwanzo na mwisho: "Niko kwenye matibabu. Kwa wiki 6 zijazo naomba maagizo yaje kwa maandishi, ripoti kubwa iwe moja kwa wakati mmoja, na Alhamisi nitoke saa 8 kwenda kliniki." Bosi wa kawaida anaogopa jambo lisilo na ukomo, ukomo ukionekana, wengi hukubali. Kama hamuaminiani, anza na afisa utumishi, na uandike.

Waajiri nao niwaambie. Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo wa afya ya akili kazini mwaka 2022, na kukadiria kwamba sonona na wasiwasi huipotezea dunia siku za kazi bilioni 12 kila mwaka. Mwongozo unaanza na namna kazi ilivyopangwa: mzigo, saa, mtu kuwa na sauti juu ya kazi yake, mameneja kufundishwa kutambua aliyelemewa. Kwetu tunaanza na bonanza. Fulana zinachapwa, watu wanaruka aerobiki Jumamosi waliyotakiwa kulala, mhamasishaji anawaambia wachague furaha, na Jumatatu mafaili ni yale yale na aliyeacha kazi Machi bado hajapata mbadala.

Mamantilie na bodaboda hawana wa kumwomba ED, na wasipotoka hakuna chakula cha jioni. Huko hatufungi biashara, tunaipunguza. Mboga tatu zinakuwa moja. Bodaboda anaacha zamu ya usiku, kwa sababu usingizi ni sehemu ya tiba, na anabaki kijiweni asubuhi miongoni mwa watu. Mweka hazina wa kikoba anaambiwa mapema, kabla marejesho hayajachelewa. Msaada wa kupanga matatizo hivi hauhitaji daktari bingwa. Huko Zimbabwe, Dk. Dixon Chibanda alianza mwaka 2006 kuwafundisha akina bibi kukaa na wagonjwa kwenye benchi nje ya zahanati na kutatua tatizo moja baada ya jingine. Utafiti uliotoka 2016 ulionyesha waliopitia benchi hilo walipata nafuu zaidi ya waliopewa huduma ya kawaida.

Swali la 9 la PHQ-9 linauliza kuhusu mawazo ya kufa au kujidhuru. Jibu likiwa zaidi ya 0, mambo ya kazi nayafunga siku hiyo na tunazungumza hilo tu. Kama mtu ameshafikia kupanga, haachwi peke yake, dawa zinashikwa na ndugu (amitriptyline nyingi kwa pamoja inaua), na anapelekwa hospitali siku hiyo hiyo, hata kama mwisho wa mwezi haujafungwa.

Kwa aliyekuwa likizo, siku ya kurudi tunaichagua. Jumatatu siipendi kwa sababu ina vikao, foleni, na maswali ya "ulikuwa wapi?" kutoka kwa kila mtu. Jumatano inafaa: siku 3 za kazi, halafu mapumziko. Wiki ya kwanza anafanya nusu siku kama mwajiri ameridhia, na jibu la maswali ameshaliandaa, fupi: nilikuwa naumwa, naendelea vizuri. Zile barua pepe zilizolimbikizana anapanga kwa jina la aliyetuma, si kwa tarehe, anaanza na bosi wake, na zilizozidi mwezi ambazo hakuna aliyezikumbushia anazihamishia kwenye folda yake pembeni bila kuzifungua.