Tokeni ya kulogini ni nini, na kwa nini websaiti feki haiwezi kuidanganya

Tokeni ni kidude kidogo hivi unachochomeka kwenye USB au unakigusisha kwenye simu yenye NFC (ile ya kugusanisha vifaa bila waya), unakibonyeza kuonyesha kuna mtu kweli, umeingia. Wengi wanadhani ndani yake kuna paswedi, hapana.

Iko hivi, ukiisajili kwenye websaiti inatengeneza funguo mbili zinazoendana, wa siri unabaki humo humo hautoki, wa wazi ndio websaiti inapewa. Ukija kulogini sava inatuma namba ya kubahatisha, mpya kila mara, tokeni inaisaini kwa ule wa siri na sava inahakiki kwa ule wa wazi. Hata sava ikidukuliwa mwizi ataambulia funguo za wazi ambazo hazimwingizi popote.

Ila utamu wenyewe uko hapa. Zile namba sita za kulogini unazotumiwa kwa meseji, websaiti feki inakuomba, unaziandika kwa mkono wako mwenyewe, na mwizi anaziingiza kwenye ile ya kweli muda huo huo kabla hazija-expire. Kwa tokeni, hiyo janja haipiti, maana anwani ya websaiti tokeni inapewa na brauza, wewe huulizwi kitu, na kila ufunguo umefungwa na anwani yake, herufi moja tu ikibadilika tokeni haina cha kusaini. Mwaka 2022 Cloudflare, kampuni ya huduma za mtandao, walishambuliwa hivyo, wafanyakazi wachache wakaandika kabisa paswedi zao kwenye ukurasa feki, wezi wakakwama kwenye tokeni.

Kuhusu viwango huria, yaani kanuni za wazi ambazo tokeni hizi zinafuata, FIDO Alliance, umoja wa kampuni za teknolojia, walijitokeza 2013, wakaja na kiwango cha U2F kisha FIDO2, ambayo ina sehemu mbili: WebAuthn ya W3C, shirika la viwango vya wavuti (ilipitishwa rasmi Machi 2019), upande wa brauza, na CTAP inayoongea na kidude. Kwa kuwa specs (maelezo ya kiufundi) ziko wazi, kampuni yoyote inaweza kutengeneza, na tokeni moja inatumika Google, GitHub na kwingine. Zile passkey za kwenye simu, funguo za kulogini bila paswedi, nazo ni mambo haya haya.

Sasa ikipotea? Sajili mbili mapema, moja ifungie kabatini. Na ukishaziweka toa meseji kwenye njia za akiba, kama websaiti inakuruhusu, kwa sababu mwizi hahangaiki na tokeni wakati mlango wa meseji umeuacha wazi, na hapo ndipo naona watu wengi wanapochemka.